Rungu la Muhogo: Futuhi ya Wake Wawili Busia na Tororo

 

Kuna neno ambalo nimelisikia mara nyingi hapa kwetu, kwenye foleni ya maji na hata siku ya mgao. Watu husema, mkimbizi atacheka nini? Nyumba iliachwa, shamba liliachwa, wengine waliachwa kaburini bila hata kuzikwa vizuri. Sasa mtu akisema twende tukaangalie vichekesho, anaonekana kama amesahau. Wazee wengine hukasirika kabisa. Mimi siwalaumu. Lakini mwezi huu nataka kuwaeleza juu ya mchezo mmoja wa kuchekesha nilioutazama mara mbili kule mpakani, Busia na Tororo, halafu kila mzazi aamue mwenyewe kama kicheko kina nafasi nyumbani kwake au la.

Busia na Tororo si majina mageni kwa familia nyingi zinazosoma jarida hili. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walipoanza kuuana na nyumba kuchomwa, maelfu walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, wakalala kwenye mahema, na baadaye mwaka huo huo wa 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Kwa hiyo mtu akitaja Tororo, wengine wetu hawaukumbuki ule mwamba mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Wanaikumbuka foleni ya kuandikishwa. Hiyo ni sababu moja iliyofanya nione ni vizuri kuandika. Mahali palipobeba machozi yetu pana kicheko pia.

MCHEZO WENYEWE

Wakati wa likizo nilipata nafasi ya kufika huko. Siku ya Jumamosi nikaona watu wanaingia kwenye ukumbi mmoja upande wa Busia, Uganda. Kiingilio kilikuwa shilingi 3,000 za Uganda au 100 za Kenya, unalipa pesa yoyote uliyo nayo. Kikundi chenyewe ni kidogo, watu saba tu, wengine wa Kenya na wengine wa Uganda. Mchana wanauza mitumba, wanaendesha boda boda, mmoja ni fundi cherehani. Jioni wanafanya mazoezi. Mchezo haukuwa na jina kwenye tangazo. Watu waliuita tu "ule wa wake wawili".

Jukwaani hakukuwa na vitu vingi. Milango miwili ya mbao iliyosimamishwa kwa mawe, kitanda, meza moja, gunia moja tupu, na kamba iliyolazwa chini katikati. Ile kamba ndiyo mpaka. Ukiivuka umetoka Uganda umeingia Kenya.

Kisa ni hiki. Kuna mwendesha boda boda anaitwa Wandera. Upande wa Kenya ana mke, Mama Neema. Upande wa Uganda ana mke mwingine, Mama Taabu. Kila mmoja anadhani yuko peke yake. Akiwa Kenya, Wandera anasema ana kazi ya usiku Uganda. Akiwa Uganda, anasema ana kazi ya usiku Kenya. Ana koti la njano la kuvaa huku na koti la bluu la kuvaa kule, na kila akifika kwenye kamba anabadilisha koti, anabadilisha kofia, anabadilisha hata mwendo. Kenya anatembea haraka kama mtu mwenye deni. Uganda anatembea pole pole na kusalimia kila mtu mpaka watu wanamchoka.

Sasa shida inaanza pale wale wanawake wanapokutana sokoni. Wote wanauza omena. Wanapendana, wanakopeshana chumvi, mwishowe wanaanzisha chama cha kuchangiana pesa. Mkutano wa kwanza wa chama utafanyika wapi? Nyumbani kwa Mama Taabu! Na siku hiyo Wandera amelala ndani, amechoka, na amevaa koti lisilo lake la siku hiyo.

Kuanzia hapo hakuna mtu ukumbini aliyetulia. Mama Neema anaingia kwa mlango huu, Wandera anatokea kwa mlango ule. Rafiki yake, kijana anaitwa Sumuni, anamsukuma ndani ya gunia na kulifunga. Mama Taabu anamuuliza Sumuni wewe ni nani na unafanya nini chumbani kwangu. Kijana anatetemeka, anaangalia juu, anaangalia chini, anasema yeye ni mkaguzi wa vyoo kutoka wilayani. Basi wale akina mama wanaogopa kwa sababu choo hakina paa. Wanamchinjia kuku. Wanamwita mheshimiwa. Anapewa kiti, anapewa soda, na kila akitaka kuondoka wanafikiri amekasirika, wanamwongezea finyango.

Halafu anakuja afande, anatafuta sukari ya magendo. Analiona gunia. Gunia linasogea. Linapiga chafya. Anauliza ni sukari gani inayopiga chafya. Sumuni anajibu haraka kwamba si sukari, ni pilipili. Afande anasema kama ni pilipili basi ushuru wake ni mkubwa zaidi!

Wanawake ndio wanaogundua mambo. Wakati gunia linapimwa, kiwiko cha Wandera kinatokeza kwenye tundu. Mama Neema anaona kiraka alichokishona yeye mwenyewe. Gunia linageuzwa, kinatokeza kiwiko cha pili. Mama Taabu naye anaona kiraka chake. Wanatazamana. Hakuna anayesema neno. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, unangoja. Kisha pole pole, kwa heshima kabisa, wanaongeza kamba ya pili kwenye gunia na kuanza kupatana bei na afande. Hapo mzee mmoja mbele yangu alilia machozi, akamshika jirani yake begani kama mtu anayezama.

FUTUHI NI NINI HASA

Wanafunzi wa sekondari wamefundishwa kwamba tamthilia iko ya aina nyingi. Kuna ile ya huzuni, kuna ile ya kuchekesha kwa mafunzo, na kuna futuhi. Futuhi ni mchezo wa kuchekesha unaokimbia. Mtu mmoja anasema uongo mdogo, uongo huo unahitaji mwingine wa kuufunika, na huo wa pili unahitaji wa tatu. Milango inafunguliwa na kufungwa. Watu wanachanganywa na watu wengine. Sisi watazamaji tunajua kila kitu, wao jukwaani hawajui, na hapo ndipo utamu ulipo. Mama Neema akiketi juu ya gunia na kulalamika kwamba mume wake haonekani siku hizi, unataka kupaza sauti umwambie, mama, umemkalia!

Kisa cha mume mwenye nyumba mbili kimezunguka dunia. Huko London, Mwingereza Ray Cooney aliandika mchezo wa dereva wa teksi mwenye wake wawili katika mitaa miwili, ukaanza kuchezwa mwaka 1983 na ukaendelea kwa miaka mingi. Hapa kwetu kikundi cha Heartstrings cha Nairobi kimepata jina kwa futuhi za namna hiyo, zilizogeuzwa ziwe na harufu ya Kenya. Na kile kipande cha mkaguzi wa uongo kina babu yake Urusi. Nikolai Gogol aliandika mwaka 1836 juu ya mji mdogo ambao viongozi wake, kwa hofu ya mkaguzi kutoka makao makuu, wanamkosea kijana mmoja asiye na kitu wakidhani ndiye. Wanampa hongo, wanamlisha, wanampigia magoti. Mchezo huo umetafsiriwa kwa Kiswahili kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Sina haja ya kuwaeleza zaidi. Kila mtu aliyewahi kuona siku wageni wakubwa wanapotembelea kambi, jinsi nyasi zinavyokatwa na mifereji inavyofagiliwa asubuhi moja, anajua Gogol alikuwa anasema nini.

KWA NINI MCHEZO HUU NI WA MPAKANI

Ungeweza kuucheza mahali popote, lakini mpakani una ladha yake. Jina lenyewe boda boda linasemekana lilizaliwa kwenye mpaka huu, miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka na kuita abiria kwa neno hilo. Kwa hiyo Wandera akitoka na pikipiki yake ya maboksi, watu wa Busia wanajiona wenyewe.

Tena mpaka wenyewe una vichekesho vyake. Mpaka mwaka 1902, sehemu ya mashariki ya Uganda ilifika hadi Naivasha. Wakoloni wakachora mstari upya, na watu waliolala Uganda wakaamka katika nchi nyingine bila kusogeza hata jiko. Abasamia wako pande zote mbili. Wateso wako pande zote mbili. Mtu ana shangazi Kenya na mjomba Uganda, na wote wawili wanaweza kuitana kwa sauti ya kawaida. Hata Busia ni mbili zenye jina moja. Ile ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka ilipopewa wilaya yake mwaka 1997.

Na magendo? Wazee wanakumbuka kahawa ya miaka ya 1970, wakati wa Amin, jinsi ilivyobebwa usiku kwenda Kenya. Wengine walitajirika, wengine walipigwa risasi. Siku hizi mambo ni tofauti kidogo. Tangu Februari 2018, Busia ina kituo cha mpaka cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja ili msafiri asipange foleni mara mbili. Waigizaji walilitumia hilo pia. Mwisho wa mchezo afande anabeba gunia mpaka kwenye kamba, na pale anamkuta ofisa wa ng'ambo ameketi kwenye meza ile ile. Wanagombania ni nani wa kutoza ushuru wa pilipili inayopiga chafya.

SWALI LA MWISHO

Gunia linafunguliwa. Wandera anatoka na unga usoni. Maofisa wanauliza, wewe ni wa wapi? Anasema Kenya. Wanamwita Mama Neema, naye anasema hamjui mtu huyo. Anasema Uganda. Wanamwita Mama Taabu, naye anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona. Wandera anasimama, mguu mmoja huku na mmoja kule, kamba katikati, na maofisa wote wawili wanarudia swali. Wewe ni wa wapi? Taa zinazimwa. Mchezo umekwisha.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Lakini mimi nilinyamaza kidogo, na nadhani msomaji wetu angenyamaza pia. Swali hilo sisi tumeulizwa mara ngapi? Tumeulizwa na wenye mihuri, na wenye bunduki, na wenye kalamu. Kuna watu hapa kambini walioulizwa njiani na jibu likawa uhai au kifo.

Nilipolala usiku nililifikiria. Nikaona kuna tofauti moja kubwa. Wandera alijitafutia. Alijipa majina mawili na makoti mawili kwa tamaa yake, na uongo wake ukamfunga mwenyewe ndani ya gunia. Sisi hatukudanganya mtu. Tulitolewa kwetu. Ndiyo maana tunaweza kumcheka Wandera bila kujicheka wenyewe, na labda hata kupumua kidogo, kwa sababu kwa mara moja tunaliona lile swali likiulizwa mtu anayestahili kuulizwa. Tena wale maofisa nao wanachekwa. Siku zote wao ndio hukaa kwenye kiti na wewe unasimama. Kwa saa moja na nusu mambo yamegeuka, wewe umekaa kwenye kiti, na wao wako pale wanatoa jasho.

RUNGU LA MUHOGO

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ile Jumamosi ya Busia, afande alipokuja mara ya kwanza, aliugonga mlango kwa rungu kwa nguvu sana, akipiga kelele wafungue. Karibu yangu alikaa mama mmoja na watoto wawili. Nilikuwa nimemsikia akisema kwamba alivuka mwaka 2008 na hakurudi tena, anafanya vibarua hapo mjini. Mlango ulipogongwa, yule mama hakufikiri. Aliwavuta watoto chini ya benchi na kuwafunika na leso yake. Watu wawili watatu wengine nao walisimama. Mtoto mmoja alianza kulia.

Msomaji, unajua. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Aliyecheza afande aliona. Angeweza kuendelea, kwa sababu wenzake walikuwa wakimngoja na wengi ukumbini walikuwa wanacheka. Hakuendelea. Alitulia, akashusha lile rungu, akaligeuza geuza kama mtu anayelishangaa, kisha akaliuma! Kumbe lilikuwa muhogo. Muhogo uliopakwa rangi ya masizi. Akatafuna, akamwambia yule mama kwa adabu, shikamoo mama, karibu chakula cha serikali. Akavunja kipande, akashuka, akampa yule mtoto aliyekuwa analia. Mtoto akautazama, akauonja. Mama yake akatoka chini ya benchi, akakaa, na baada ya muda akacheka. Alicheka akiwa ameshika kifua.

Kesho yake, Jumapili, nikaenda Tororo kwa sababu walicheza tena huko. Nilitaka kuona watafanyaje. Kumbe walikuwa wamebadilisha mchezo. Safari hii afande anapoingia, kabla hajagusa mlango wowote, anasimama mbele ya watazamaji, analiuma rungu lake, analamba vidole, ndipo anagonga. Kwa hiyo kila mtu ukumbini alijua kabla ya kelele kwamba rungu hilo ni la kuliwa. Hakuna aliyeshtuka. Tena kikawa kichekesho kipya, maana kila afande alipotishia watu rungu lilikuwa limefupika, na mwisho alibaki ameshika kipande kama kidole, bado anatishia.

Nilipompata kiongozi wao nje nikamuuliza. Ni mtu mzima, amewahi kufundisha shule ya msingi. Alinieleza kwamba mpakani huwezi kujua ni nani amekaa mbele yako na ametokea wapi, na kwamba mchekeshaji anayemtisha mtu mnyonge hajafanya kazi yake. Kwa hiyo usiku ule ule walikaa wakaubadilisha mchezo. Nikaona hawa ni watu saba wasio na mshahara, wanauza mitumba, na wana akili ya kutufikiria sisi kuliko wengi waliosoma.

TUMCHEKE NANI?

Kuna jambo lingine la kusema, na nitasema wazi. Vichekesho vingi vya kwetu hutegemea lafudhi. Mtu wa kabila fulani anaongea hivi, wa kabila lingine anatamka vile, watu wanacheka. Wakati wa amani inaonekana ni mzaha tu. Mwaka 2008 tuliona lafudhi ikitumiwa njiani kumchagua mtu wa kushushwa kwenye gari. Kwa hiyo wazazi wana haki ya kuwa waangalifu.

Lakini tukumbuke pia Mzee Ojwang'. Wengi walimwona kwenye Vitimbi, KBC, miaka na miaka, na Mama Kayai wake. Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na alimwigiza mzee Mjaluo kwa namna ambayo Wajaluo wenyewe walimpenda kama mzee wao. Alifariki Julai 2015, na Kenya nzima ilimlilia bila kuuliza kabila. Kwa nini yeye hakuchukiwa? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu hakuwa anamcheka Mjaluo. Alikuwa anamcheka mzee mkaidi, mwenye kiburi kidogo na deni kidogo, na mzee wa namna hiyo yupo katika kila boma kuanzia Kisumu hadi Nyeri.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya wale saba pia. Walimcheka mume mwongo. Walimcheka ofisa mla rushwa. Walimcheka Sumuni aliyezidiwa na kuku. Hawakumcheka mtu kwa sababu ya alikozaliwa. Hata wake wawili hawakuchekwa. Mwanzo nilihofia kwamba wangefanywa wajinga wa kugombania mwanamume na kuvutana nywele, kama tunavyoona katika michezo mingi. Badala yake wao ndio walikuwa na akili kuliko wote, na pesa za gunia waliziweka kwenye chama!

KICHEKO SI KITU CHA JUZI

Wengine husema michezo ya jukwaani ni mambo ya wazungu. Si kweli, na hata ile ya vitabuni tumekuwa nayo zamani. Miaka ya 1950 wanafunzi wa Alliance, Kenya, walikuwa wakiandika na kucheza vichekesho kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini, kikatoka kitabu mwaka 1957. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha ukumbi wa kusafiri, wakazunguka na gari Uganda na hata Kenya wakicheza bure viwanjani kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Hawakungoja ukumbi wenye mapazia. Walipopata uwanja na watu, walicheza.

Na wakubwa wanajua nguvu yake. Mwaka 1977 ulikuwa mbaya. Kenya, mchezo wa Kamiriithu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wenyewe, ulipigwa marufuku baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Uganda, mwandishi Byron Kawadwa aliuawa wakati wa Amin baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos. Ingekuwa jukwaa ni upuzi, nani angejisumbua?

TUNAWEZA NA SISI

Basi narudi kwa wale wanaouliza mkimbizi atacheka nini. Jibu langu ni kwamba atacheka kile kile wanachocheka wengine, na ana haki nacho. Kucheka si kusahau. Yule mama wa Busia hakusahau chochote. Ila usiku ule watoto wake walijifunza kwamba si kila mlango unaogongwa una mtu mbaya nyuma yake.

Walimu tumezungumza na tunapendekeza kuanzisha kikundi kidogo cha vichekesho hapa kambini, watoto na wazazi pamoja. Gharama ni ndogo. Angalieni walivyofanya wale saba:

Kwanza, milango miwili. Kwetu blanketi mbili kwenye kamba zinatosha.

Pili, uongo mmoja mdogo. Chagueni jambo tunalolijua. Mtu aliyeazima baiskeli bila ruhusa, au aliyesema kuku wa jirani ni wake. Halafu uacheni uongo huo ukue.

Tatu, lugha. Kiswahili kitumike kwa wote, na mtu akitia neno la kwao, mwenzake jukwaani alieleze kwa kitendo. Kuna watoto wa Sudan Kusini na wa Kongo hapa, wasiachwe nje.

Nne, hakuna kucheka kabila, dini, ulemavu wala ugonjwa wa mtu.

Tano, milipuko, bunduki na kugonga milango kwa ghafla tuache. Kama afande ni lazima awepo, rungu lake watu walione likiliwa kwanza. Na mazoezi tuyafanyie mahali pa wazi, ili mzazi yeyote apite atazame na aseme kama kuna kipande kinachomuumiza. Kipande hicho kitabadilishwa, bila kumuuliza sababu.

Wazee waliokuwa wakitega mafumbo na kuchekesha watu kwenye harusi kule kwetu, tunawahitaji sana. Vijana wanaweza kukimbia milangoni, lakini maneno mazuri mnayo ninyi. Akina mama wenye chama, njooni mtuambie vile mambo huenda, kwa sababu nina hakika vichekesho vya humo havijaandikwa bado.

Anayetaka kushiriki amwone mwalimu yeyote wa lugha baada ya vipindi vya mchana. Anayepinga pia aje, tutamsikiliza. Na kama kuna familia yenye muhogo wa ziada, tafadhali msiupike wote. Tutahitaji rungu.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.